Falcon, Commodore na hatima ya magari makubwa yaliyoundwa Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi kaskazini mwa Melbourne, karibu na Broadmeadows, na kwa miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo kilichokuwa kikitengeneza viti vya magari haya. Maswali yaliyo hapa chini naulizwa kila mara: harusini, msibani, kwenye simu kutoka nyumbani, na vijana wetu waliofika juzi wakitafuta gari la kwanza. Nimeanza na yale ya mwanzo kabisa. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine nitakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

"Gari kubwa" ni lipi? Mnazungumzia malori?

Hapana. Sisi tukisema gari kubwa, mtu anawaza basi, fuso au semi. Australia neno hilo lilibeba maana nyingine: saluni ndefu na pana, yenye injini ya silinda sita au nane. Kwenye Falcon na Commodore, injini hiyo inasukuma tairi za nyuma. Ukubwa wake utaujua ukikaa kiti cha nyuma. Watu wazima watatu wanakaa bila kugombana mabega, na buti linameza mizigo ya familia nzima inayotoka uwanja wa ndege.

Gari hilohilo lilitolewa pia kama stesheni wagoni, na kama pikapu ya chini ambayo wenyeji huiita ute, hutamkwa "yuti".

Yalikuwa magari gani hasa?

Mawili ndiyo yaliyobeba jina: Ford Falcon na Holden Commodore.

Holden ilianza mwaka 1856 ikiwa duka la matandiko ya farasi mjini Adelaide. Baadaye ikaunda bodi za magari, na mwaka 1931 ikaunganishwa na General Motors ya Marekani. Tarehe 29 Novemba 1948 waziri mkuu Ben Chifley alizindua Holden ya kwanza kabisa, 48-215, kiwandani Fishermans Bend, Melbourne. Commodore ilikuja mwaka 1978, nayo ilitokana na Opel ya Ujerumani. Falcon iliingia Australia mwaka 1960, na nyumbani kwake kulikuwa Broadmeadows, huku injini zikitoka mji wa Geelong.

Pembeni yao walikuwepo wengine. Leyland ilileta P76 mwaka 1973 na kufunga kiwanda chake cha Sydney mwaka uliofuata. Mitsubishi ilikuwa na Magna, kisha 380, na ikafunga kiwanda chake cha Adelaide Machi 2008. Toyota iliunda Camry na Aurion pale Altona, Melbourne.

Bado yanaundwa?

Hapana, hata moja. Falcon ya mwisho, XR6 ya buluu, ilitoka Broadmeadows tarehe 7 Oktoba 2016. Toyota ilifunga Altona tarehe 3 Oktoba 2017. Commodore ya mwisho ilikuwa nyekundu, ya V8 (silinda nane), na ilitoka kiwanda cha Elizabeth, Australia Kusini, tarehe 20 Oktoba 2017. Tangu siku hiyo hakuna saluni inayoundwa kwa wingi nchini humu.

Wengine huchanganyikiwa kwa sababu waliona Commodore mpya mwaka 2018. Ile iliundwa Ujerumani na kubandikwa jina tu. Februari 2020 General Motors ikatangaza kuiua Holden yenyewe, na jina likafutika.

Kwa nini Waaustralia waliyapenda kiasi hicho?

Kwa sababu yalikatwa kwa kipimo cha nchi yao. Kutoka Melbourne hadi Adelaide ni zaidi ya kilomita 700, na watu wanaziendesha kwa siku moja, joto likiwa nyuzi 40, boti au trela ikiwa nyuma. Gari la Ulaya la miaka ile lilichemka njiani. Hata Falcon ya kwanza ya 1960, iliyoletwa karibu jinsi ilivyokuwa Marekani, ilivunjika miguu ya mbele kwenye barabara za vumbi, na Ford ikalazimika kuiimarisha. Kuanzia hapo mafundi wa hapa wakashika hatamu, na kila toleo likazidi kuwa la kwao.

Ute nayo ni yao. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mke wa mkulima aliwaandikia Ford akiomba gari moja litakalompeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Kijana mmoja mchoraji wa Geelong, Lew Bandt, akachora saluni yenye karai nyuma, na mwaka 1934 ikaanza kuuzwa.

Kisha kuna mashindano. Kila Oktoba, kwenye mlima wa Bathurst, Falcon na Commodore zilipambana mbele ya umati. Peter Brock alishinda huko mara tisa na Holden, na alipofariki mwaka 2006 nchi ilimlilia. Familia zilikuwa za Ford au za Holden kama nyumba za Dar zilivyo za Simba au za Yanga, na mtoto hakuulizwa anachagua upande gani. Nilipofika hapa mwenye nyumba wangu, mzee wa Holden, aliniruhusu kuegesha Falcon yangu barabarani tu. Uani mwake haikuingia. Nilidhani ananionea, hadi nilipoona mkwewe naye anaegesha nje.

## Yalikufaje

Si yalikuwa yakiuzika sana? Nini kilitokea?

Yaliuzika kupita kiasi. Commodore iliongoza soko la Australia miaka 15 mfululizo, 1996 hadi 2010, na mwaka 1998 ziliuzwa 94,642. Falcon iliuza zaidi ya 70,000 mwaka 2003. Mwaka 2012 Falcon zilizouzwa zilikuwa kama 14,000 tu. Hayo ni mauzo ya nchi nzima, kwa mwaka mzima.

Mnunuzi mkubwa hakuwa baba wa familia. Walikuwa serikali, polisi, makampuni na teksi. Mafuta yalipopanda, na mashirika yalipoanza kuwaachia wafanyakazi wachague wenyewe gari la mkopo wa mshahara, wengi walichagua kitu kingine. Kina mama na kina baba wakahamia SUV, ambazo mtu anakaa juu na kumfunga mtoto kitini bila kuinama. Ford iliona, ikatoa Territory mwaka 2004, gari la juu lililojengwa juu ya Falcon, na lilipendwa. Lakini halikuwahi kupata masoko ya kutosha nje. Vijana wakachukua Mazda3, ambayo mwaka 2011 iliitoa Commodore kileleni. Mafundi ujenzi wakahama kutoka ute kwenda HiLux.

Watu hawakuacha kuyapenda. Siku ya kufunga walijipanga barabarani na bendera, wengi wao wakiwa wamekuja na gari la Kijapani au la Kikorea. Nakumbuka mtu mmoja aliyelia kweli, na nyuma yake alikuwa ameegesha Hyundai. Simlaumu. Alikuwa na watoto wanne na mshahara mmoja.

Ushuru wa forodha ulihusika vipi?

Ulihusika kwa kiasi kikubwa. Katika miaka ya 1980 gari la nje lilitozwa ushuru wa asilimia 57.5, na juu yake kulikuwa na kikomo cha idadi ya magari yaliyoruhusiwa kuingia. Waziri wa viwanda John Button akaleta mpango wa kupunguza aina za magari yanayoundwa nchini ili kila moja iundwe kwa wingi, huku ushuru ukishushwa hatua kwa hatua. Ulifika asilimia 15 mwaka 2000, 10 mwaka 2005 na 5 mwaka 2010. Mwaka 2005 pia ulianza mkataba wa biashara huria na Thailand, kunakoundwa pikapu nyingi zinazouzwa hapa.

Ukuta ule haungeweza kubaki milele, kwa sababu mwananchi ndiye aliyekuwa akiulipia kila anaponunua gari. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba ukuta ulibomolewa kabla viwanda havijapatiwa soko nje. Angalia swali la kuuza nje hapa chini.

Na dola ya Australia?

Kati ya 2011 na 2013 madini yaliuzwa vizuri, na dola ya hapa ikapanda hadi kuipita ya Marekani. Gari la nje likawa rahisi, na la hapa likawa ghali likivuka bahari. Mwaka 2013 Ford ilisema kuunda gari Australia kunagharimu mara mbili ya Ulaya na karibu mara nne ya Asia, na kwamba ilikuwa imepoteza dola milioni 600 kwa miaka mitano.

Kwa nini hawakuyauza nje kwa wingi?

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kiwanda cha magari kinataka wingi. Mashine ya kukandamiza bati, kalibu zake na mchoro wa gari jipya vinagharimu karibu sawa ukiunda magari 30,000 au 300,000. Tofauti ni kwamba gharama ile unaigawa kwa wangapi. Australia ilikuwa na watu kama milioni 23. Mwishoni Ford, Holden na Toyota zote tatu kwa pamoja ziliunda magari kama 200,000 kwa mwaka, idadi ambayo kiwanda kimoja kizuri cha Thailand au Korea kinaweza kuifikisha peke yake. Njia ya kuongeza wingi ilikuwa moja tu, kuuza nje.

Holden ilijaribu kwa dhati. Commodore ya mwaka 2006, iliyoitwa VE, ilichorwa Australia kuanzia karatasi tupu na kugharimu zaidi ya dola bilioni 1. Iliundwa ikiwa tayari kwa usukani wa kulia na wa kushoto. Ikaenda Marekani kama Pontiac G8, Uingereza kama Vauxhall, Afrika Kusini na nchi za Ghuba kama Chevrolet Lumina. Waandishi wa magari wa Marekani waliisifu. Kisha likaja anguko la fedha la 2008. General Motors ikafilisika mwaka 2009, ikaifuta Pontiac, na soko la G8 likafa nayo. Gari halikuwa na kosa lolote. Baadaye lilirudi Marekani kama Chevrolet SS, bila matangazo ya maana, likauzwa kidogo mpaka mwisho.

Falcon hata nafasi hiyo haikupewa. Matoleo yake ya mwisho hayakuwahi kuundwa kwa usukani wa kushoto, kwa hiyo milango ya Marekani, Ulaya bara na Ghuba ilikuwa imefungwa kabla ya kubishwa hodi. Uamuzi ulikuwa wa makao makuu Marekani, ambako Ford ilikuwa na magari yake mengine ya kulinda. Mtoto wa kambo alifanya kazi vizuri na hakuitwa mezani.

Nani alaumiwe? Serikali iliwatupa?

Ukiuliza watu wa Broadmeadows watakuambia ndiyo. Mwaka 2012 serikali kuu, pamoja na zile za majimbo ya Australia Kusini na Victoria (jimbo la Melbourne), ziliahidi Holden dola milioni 275 ili ibaki hadi 2022. Mwaka uliofuata serikali ikabadilika, na iliyoingia haikutaka kutoa zaidi. Tarehe 10 Desemba 2013 waziri wa fedha, Joe Hockey, alisimama bungeni akaitaka General Motors iseme wazi kama inabaki au inaondoka. Kesho yake ikasema inaondoka.

Mimi naona kwamba General Motors ilikuwa imeshaelekea mlangoni, na kelele zile ziliipa kisingizio. Hata hivyo serikali ilifanya vibaya. Karibu kila nchi inayounda magari inavisaidia viwanda vyake kwa njia moja au nyingine. Kuamua kuacha ni haki ya serikali, ila kuacha kwa maneno ya kuchokozana, wiki mbili kabla ya Krismasi, wakati watu 2,900 wanasubiri kusikia kama wana kazi, hilo sijalisamehe.

Camry ilikuwa ikiuzwa hadi Ghuba. Kwa nini Toyota nayo iliondoka?

Kwa sababu ya watu kama sisi wa viti. Kampuni ya magari haiundi kila kitu. Viti, vioo, breki, nyaya na dashibodi hutoka kwa viwanda vidogo vinavyowauzia wote watatu. Ford ilitangaza Mei 2013 kwamba itafunga, Holden Desemba. Kiwanda cha breki kilichopoteza wateja wawili kati ya watatu hakiwezi kumhudumia yule mmoja kwa bei ileile. Toyota ilipiga hesabu na kutangaza tarehe 10 Februari 2014.

Niruhusu nieleze jinsi kazi ilivyokuwa. Hatukuwa na ghala la viti. Gari likiingia kwenye mstari wa kiwanda kikuu, mashine ya kuchapa pale kwetu ililia na kutoa kipande cha karatasi: rangi, kitambaa au ngozi, kiti cha umeme au cha mkono. Tulikuwa na muda mfupi wa kukiandaa, kukikagua na kukipakia kwenye lori kwa mpangilio uleule wa magari. Kiti cha tatu kikitangulia cha pili, unasimamisha kiwanda kizima. Mikono yangu ilijua uzito wa kila aina kabla sijasoma karatasi. Miezi ya mwisho ile mashine ilianza kunyamaza dakika tano, kisha kumi. Hakuna aliyetangaza lolote. Tulikuwa tukiangaliana tu.

Wafanyakazi walikwenda wapi?

Wengine kwenye maghala, wengine kuendesha mabasi na malori, wengine kutunza wazee. Wenye vyeti vya umeme na mitambo hawakukaa. Waliopata shida ni waliozidi miaka 50 na Kiingereza cha kiwandani, wale waliokuja kutoka Vietnam, Uturuki, Lebanon na Italia na kukaa kwenye mstari mmoja miaka 25. Malipo ya kuachishwa ya kampuni kubwa yalikuwa mazuri. Sisi wa viwanda vidogo tulipewa cha sheria.

## Yaliyobaki

Viwanda vile sasa vikoje?

Kampuni ya Pelligra ilinunua Elizabeth, kisha Broadmeadows na Geelong, na kuvigeuza maeneo ya biashara yenye maghala na viwanda vidogo.

Kwa hiyo Australia haiundi gari lolote?

Inaunda magari makubwa kwa maana yetu sisi. Malori ya Kenworth yanaundwa Bayswater, nje kidogo ya Melbourne, na ya Volvo yanaundwa Wacol, Queensland. Mabasi pia yanajengwa bodi hapa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ford ilipofunga kiwanda haikuwafukuza wachoraji na wahandisi wake. Ranger, ile pikapu unayoiona kuanzia Nakuru hadi Dodoma, ilibuniwa na kufanyiwa majaribio hasa huko Victoria, ingawa inaundwa Thailand, Afrika Kusini na kwingineko. Mwaka 2023 na 2024 ndiyo iliyouzwa kuliko gari lolote Australia.

Yanaweza kurudi, hata kama ni ya umeme?

Sioni njia. Mtu akiwa na pesa za kujenga kiwanda bado atahitaji watu wa viti, vioo na breki, nao hawapo (angalia swali la Toyota). Ushuru ni asilimia 5, na kwa Japani, Korea, China na Thailand mikataba imeuondoa. Soko la hapa linapokea chapa nyingi kupita kiasi kwa idadi ya watu wake. Kinachowezekana ni kutengeneza sehemu za magari, au kuchimba lithiamu na kuisafisha hapahapa. Saluni ya V8 itabaki kwenye maonyesho.

Polisi na teksi wanatumia nini sasa?

Teksi nyingi ni Camry za haibridi (petroli na umeme). Polisi kila jimbo lilichukua lake: Victoria ilinunua BMW, Queensland ikachukua Kia Stinger.

## Ukitaka kununua moja

Nimefika Melbourne juzi. Ninunue Falcon au Commodore la zamani?

Kama familia ni kubwa na unasafiri mbali, ndiyo, ukilipata lililotunzwa. Fundi yeyote analijua, halikuchoshi barabarani, na la silinda sita la kawaida halina bei ya kutisha. Kama kazi yako ni kuzunguka mjini peke yako, chukua Corolla, maana mafuta yatakumaliza.

Kabla ya kulipa, tafuta namba ya chesisi ya gari kwenye rejista ya serikali iitwayo PPSR. Ni dola 2. Itakuonyesha kama gari lina deni la benki au liliwahi kuandikwa kuwa limeharibika kabisa. Nimeona kijana wetu akinyang'anywa gari alilolipia taslimu kwa sababu mwenyewe wa kwanza hakumaliza mkopo. Victoria, muuzaji wa gari lenye usajili anapaswa pia kukupa cheti cha ukaguzi wa usalama. Akikuambia "utakitafuta mwenyewe", ondoka.

Nikague nini hasa?

Falcon ya miaka ya 2000: fungua kifuniko cha maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Ukiona utando wa waridi kama maziwa yaliyotiwa sharubati, maji na mafuta ya giaboksi vimekutana ndani. Funga, shukuru, nenda zako. Hiyo giaboksi imekufa hata kama bado inaingiza gia vizuri. Sikiliza pia mlio wa kugonga mbele ukikata kona polepole. Mara nyingi ni boljointi za chini.

Injini ya Falcon yenyewe, ile ya lita 4 iliyoitwa Barra, ni ngumu kuiua. Naijua iliyofanya teksi ikapita kilomita 700,000.

Commodore ya V6 ya katikati ya miaka ya 2000 inasumbuliwa na cheni za taimingi kurefuka, hasa mwenye gari akichelewesha kubadilisha oili. Iwashe asubuhi ikiwa baridi. Ikikwaruza sekunde chache za mwanzo au taa ya injini ikibaki inawaka, hesabu gharama ya cheni kabla ya kutaja bei.

Kijana wangu ana leseni ya P (ya dereva mpya). Aendeshe lipi?

Victoria inawakataza madereva wa P magari yenye nguvu zaidi ya kilowati 130 kwa kila tani. Falcon ya kawaida ya silinda sita inapita. XR6 Turbo na Commodore za V8 hazipiti, na akikamatwa huwezi kusema hukujua.

Vipuri vitapatikana hadi lini?

General Motors iliahidi mwaka 2020 kuhudumia vipuri vya Holden kwa angalau miaka 10. Lakini usitegemee ahadi hiyo peke yake. Ziliundwa Holden zaidi ya milioni 7.6 na Falcon zaidi ya milioni 3, kwa hiyo maeneo ya magari mabovu yamejaa, na vipuri vya kuchakaa kama breki, bushi na shokomzoba vinatengenezwa na kampuni za pembeni. Vinavyoadimika ni vya umbo: taa, plastiki za dashibodi, bampa za matoleo machache. Ukivikuta vizima, nunua uweke.

Falcon yangu ni ya gesi. Niendelee nayo?

Endelea ikiwa kituo cha gesi kipo njiani mwako, maana vituo vinapungua kila mwaka. Tangi lazima likaguliwe kila baada ya miaka 10. Angalia tarehe iliyogongwa kwenye bamba la tangi kabla ya kununua. Ikiwa imepita, gharama iwe ya muuzaji.

Ni akiba nzuri? Nasikia yanauzwa mamilioni.

Mwaka 2021 ute moja ya HSV (kampuni iliyoziongezea nguvu Holden), Maloo GTSR W1, ilipita dola milioni 1 kwenye mnada. Lakini hizo zilikuwa chache mno na hazikutumika. Commodore ya V6 yenye kilomita 250,000 ni gari la kwendea kazini, na itabaki hivyo. Usikope kununua ndoto ya mtu mwingine.

## Maswali ya kutoka nyumbani

Usukani wa Australia uko kulia kama wetu. Naweza kulipeleka Mombasa au Dar?

Kenya hapana. Sheria inataka gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hata Commodore ya mwisho ya 2017 imeshavuka. Uganda inakataza yaliyozidi miaka 15 tangu kuundwa, na yaliyo chini ya hapo bado yanalipishwa kwa uzee wake. Tanzania haijafunga mlango, ila kuna ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya ule mwingine wote. Na ukifika, fundi wa Ilala atakutafutia wapi kompyuta ya giaboksi ya Falcon? Siku likigoma, utalisubiri kontena.

Kenya nayo inaunganisha magari. Si ni kitu kilekile?

Kuna tofauti. Mombasa, Thika na Nairobi viwanda vinapokea vipande vilivyoundwa kwingine na kuviunganisha, hasa malori, mabasi na pikapu. Hiyo ni kazi ya heshima na ndiyo hatua ya kwanza. Holden nayo ilianza kwa kuweka bodi juu ya chesisi za Marekani. Kuunda gari kuanzia mchoro ni jambo jingine. Kenya ilijaribu: Nyayo Pioneer ilioneshwa mwaka 1990 baada ya wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kuhangaika nayo miaka minne. Yalitoka magari matano na yalitembea. Kilichokosekana ni pesa na wanunuzi wa kuyaunda kwa maelfu, jambo lilelile nililolieleza kwenye swali la kuuza nje.

Mjomba yuko Muscat, ana Lumina ya zamani. Anasema ni Mmarekani. Kweli?

Kama ni ile saluni ya tairi za nyuma iliyouzwa Ghuba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, beji ndiyo ya Kimarekani. Caprice nyingi za miaka hiyo hiyo pia. Mwambie asome namba ya chesisi kwenye bamba. Ikianza na 6, gari limeundwa Australia. Ikiwa 6G, ni Holden, na mkono wa mwisho ulioligusa kabla ya meli ulikuwa wa mtu wa Elizabeth. Camry ya zamani ya jirani yake ikianza na 6T, hiyo ni ya Altona.